Mguu umevimba baada ya kutolewa mitoki: anza na kuhesabu siku

Habari zenu wadau. Mimi ni fundi viatu hapa Dodoma, siyo daktari, niseme mapema kabisa. Nilitolewa tezi za kinenani upande wa kushoto, zile bibi zetu wanaita mitoki, baada ya doa jeusi la kisigino kugundulika ni melanoma, aina ya kansa ya ngozi. Doa lenyewe nilikaa nalo karibu miaka miwili nikijua ni mwiba wa mgunga umeozea ndani, nikawa nalichimba na wembe uleule wa kukatia ngozi za viatu, ujinga mtupu. Kwa sisi weusi hii kansa inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha, sehemu ambazo jua wala halifiki, Bob Marley mwenyewe ilimuanzia kwenye kidole cha mguu, ikagundulika 1977 na 1981 akafariki ana miaka 36. Na msiichanganye na kansa za ngozi zinazowapata sana ndugu zetu wenye ualbino, zile nyingi ni aina nyingine zinazoletwa na jua.

Bas, nachotaka kuandika ni yale ya baada ya operesheni. Niliporuhusiwa nilipewa karatasi ina jina langu, tarehe ya kurudi na dawa tatu, hakuna hata mstari mmoja unaosema ukiona hivi fanya vile. Nikarudi Nkuhungu kwa bajaji, chupa ya dreni, ile ya kukusanya maji ya kidonda, nimeipakata kama kichanga, kila shimo la barabara nalisikia kinenani, na kuanzia usiku ule kila kitu kikawa kinanitisha sawasawa, maji ya njano yananitisha, ganzi inanitisha, kumbe kuna vya kutisha na kuna vya kawaida na mara nyingi kinachovitofautisha ni siku. Uvimbe wa siku ya pili, wa wiki ya tatu na wa mwezi wa saba ni mambo matatu tofauti hata kama kwa macho vinafanana. Kwaio chukua daftari la mtoto, andika tarehe ya operesheni juu kabisa, afu tuendelee. Waliotolewa za kwapani mengi ni yaleyale, pale panapotofautiana ntasema.

PAJA LIMEJAA GHAFLA, SIKU YA KWANZA AU YA PILI

Ngozi imekaza mpaka inang'aa, maumivu yanapanda hata baada ya dawa, na kwenye chupa inaingia damu mbichi nzito. Hiyo ni damu inavuja kwa ndani. Wengi siku hizo bado wako wodini, muite sista hata kama ni saa nane za usiku na hata kama jana alikununia. Kama umesharuhusiwa, rudi usiku huohuo. Hakuna cha kusubiri kukuche.

DRENI INALETA MANENO

Hapa ndo niliteseka, kwaio ntakaa kidogo. Ukitolewa tezi, vijibomba vilivyokuwa vinaleta majimaji ya limfu pale vinabaki vimekatwa, maji yanaendelea kuja na hayana pa kwenda, ndo wanakuwekea mrija unayavuta kwenda kwenye chupa mpaka mwili uzibe wenyewe. Kila asubuhi saa moja nilikuwa napima na kuandika. Siku ya tatu mililita 190. Siku ya sita 140. Siku ya kumi 85, siku ya kumi na nne 40. Rangi nayo inabadilika, inaanza nyekundu, inakuwa kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji, mwisho njano nyepesi. Ikienda kwa mpangilio huo hata kama ni mengi usihangaike, kinena kinajulikana kwa kutoa maji mengi.

Sasa matatizo yake. Jana ilitoa 120 leo imetoa 10: usishangilie, ni mrija umeziba. Kwanza angalia kama umeukunja au umeulalia, mimi mara mbili nilikuta nimeukalia tu. Afu tafuta kipande cha damu iliyoganda ndani ya mrija, kinaonekana kama uzi mweusi au kama mrenda ulioganda. Sista alinifundisha kuukamua hivi: mkono mmoja unabana mrija karibu na ngozi na hauachii hata kidogo, vidole vya mkono wa pili vimelowa sabuni vinabana na kuteleza kuelekea kwenye chupa, taratibu, kama unakamua ng'ombe ila kwa upande mmoja tu. Ukiachia ule mkono wa juu utang'oa dreni yenyewe, nakwambia kabisa. Ukikamua mara mbili tatu hakuna kitu na paja linaanza kujaa, hospitali.

Chupa ikijaa hewa, yani ile iliyokuwa imejikunja sasa imetanuka yote, maana yake haivuti tena. Hapo inategemea aina, kuna za kumwaga na kuminya upya na kufunga, kuna nyingine hazifunguliwi kabisa zinabadilishwa. Hili liulize kabla hujatoka wodini na mwambie sista akuangalie ukifanya mwenyewe. Maji kuvuja kidogo pembeni ya mrija ni kawaida, badilisha gozi. Yakilowesha gozi ndani ya saa moja ujue ndani kumeziba. Na ikichomoka yote, usiirudishe! Funika na gozi safi, nenda.

Kuibeba nayo ni kazi. Mama watoto alinishonea kimfuko cha kitenge chenye mkanda wa kuning'iniza kiunoni, chupa inakaa chini ya kidonda na haivuti nyuzi ukisimama ghafla. Hospitali nyingi wanaitoa ikifika chini ya mililita 30 kwa masaa 24, siku mbili mfululizo, na ndo maana nasisitiza daftari, maana daktari wangu alipouliza "baba, inatoa kiasi gani?" nikamfungulia ukurasa, hakuniuliza kingine.

IMETOLEWA, SASA KUNA KAMA PUTO LA MAJI

Siku chache baada ya dreni kutoka, chini ya mshono panatuna, laini, ukigusa panacheza, hapaumi sana, homa hakuna. Ni maji yaleyale yamejikusanya. Dogo linanyonywa na mwili lenyewe kwa wiki kadhaa. Kubwa linalokaza ngozi, daktari analivuta na sindano, saa ingine anarudia mara mbili tatu, siyo kwamba amekosea.

Mpwa wangu ana duka la dawa, akaniambia mjomba hilo nakutoa dakika mbili tu, sirinji ninazo. Nikakataa na nawe ukatae. Maji hayo yakiingia mdudu yanageuka usaha, na pale kinenani mshipa mkubwa wa damu wa paja unapita hapohapo chini, anayechoma kwa kubahatisha anaweza kukuta kitu kingine kabisa.

PANA JOTO, PANAUMA ZAIDI YA JUZI

Kwa kawaida maumivu yanashuka siku hadi siku. Yakigeuka yakaanza kupanda, hasa kuanzia kama siku ya tano mpaka wiki ya pili, fikiria vijidudu. Vitabu vinasema angalia wekundu, sasa kwenye ngozi yangu mimi wekundu utauona wapi? Kwetu panakuwa peusi zaidi au kama zambarau, panang'aa, panakaza. Njia ya uhakika ni mgongo wa kiganja: gusa paja la kidonda, gusa lile lingine, tofauti ya joto utaisikia. Afu chukua kalamu uchore mstari kuzunguka palipobadilika rangi, ukiamka mstari umevukwa unaondoka siku hiyo. Harufu, usaha, kutetemeka, kipimajoto kusoma digrii 38 kwenda juu, vyote ni safari. Pima joto kabla ya kumeza panado, maana panado inaificha homa unabaki unajidanganya.

Kuna lingine la kinenani, kingo za mshono kuwa nyeusi na kuachia. Ni sehemu ya mkunjo, ina jasho, damu inafika kwa shida, kwaio mshono kufunguka kidogo kunatokea hata kwa aliyefuata masharti yote. Unasafishwa na kufungwa mara kwa mara, kinajaa kutokea chini kwenda juu, wiki na wiki. Sukari isiyodhibitiwa na sigara ndo vinachelewesha. Mimi niliacha suruali nikawa navaa msuli tu, nakaa ndani, maana ilikuwa Agosti na mnaujua upepo wa Dodoma na lile vumbi lake jekundu, linaingia mpaka kwenye sufuria lenye mfuniko. Majivu, majani ya chai, unga wa miti, jirani ataleta vyote kwa nia njema. Pokea, shukuru, weka juu ya kabati.

PAJA HALISIKII, AU LINAPIGA SHOTI

Ganzi mbele na ndani ya paja ni kawaida kabisa, kuna mishipa midogo ya fahamu inakatwa wakati wa kutoa tezi. Kwa wa kwapani inakuwa ndani ya mkono wa juu. Inapungua kwa miezi, kwa wengine kipande fulani kinabaki hivohivo maisha. Ganzi yenyewe haina neno, hatari yake iko hapa:

Shangazi alikuja kutoka Mvumi kunijulia hali, akakuta paja limekakamaa, akachemsha maji akanikanda na taulo kama alivyotukanda sote utotoni. Mimi nimetulia naongea naye habari za uwele, sisikii kitu. Alipoinua taulo kuna lengelenge kubwa kama sarafu ya mia.

"Mwanangu, mbona hukusema?"

"Shangazi, sikusikia."

Alilia kuliko mimi. Kwaio hakuna kukanda na maji ya moto, hakuna chupa ya moto, hakuna kuchua na mafuta ya kuwasha. Maji ya kuoga mwingine ayapime na mkono mzima.

Shoti za ghafla au kuwaka kama pilipili ni mishipa inaamka. Panado haisaidii sana hapo, kuna dawa za mishipa ya fahamu anazoandika daktari, mwambie tu, usione aibu kulalamika kitu kisichoonekana.

KAMBA KWAPANI, BEGA HALIPANDI

Hili ni la waliotolewa za kwapani. Wiki chache baadaye ukiinua mkono unaona kama nyuzi za gitaa chini ya ngozi kutoka kwapani kushuka mpaka kwenye kiwiko, zinavuta. Siyo kansa na siyo mshipa uliokatika. Zinalegea kwa mazoezi ya pole pole ya mtu wa fiziotherapi, kutambaza vidole ukutani kupanda juu, kila siku alama moja. Ukiubeba mkono kama yai bega litaganda, na hilo ni gumu kulirudisha.

KIGIMBI KINAUMA, MGUU UMEJAA KWA SIKU MOJA

Huu uvimbe ni tofauti na utaujua kwa haraka yake. Jana mguu sawa, leo kigimbi kimekaza, kina joto, ukikanyaga kinauma, upande mmoja tu. Inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, operesheni inaongeza hatari, kansa inaongeza, kulala sana inaongeza. Hauchuliwi huo mguu hata kidogo! Nenda upigwe utrasaundi leo hii. Ukianza kuhema au kifua kuchoma ukivuta pumzi au kukohoa damu ni dharura, tafuta gari sasa hivi. Mimi nilipokuwa naenda Dar kliniki nilikuwa napanda hii treni ya umeme, tangu ilipoanza 2024 imetusaidia sana wagonjwa, unasimama unatembea behewani hata mara nne. Kwenye basi mwambie konda mapema, na muda wote zungusha vifundo vya miguu.

MWEZI WA SABA BAADA YA OPERESHENI, MKANDA WA SANDALI UMEHAMA TUNDU

Kidonda kimepona, nimerudi kazini kwenye meza yangu Sabasaba, najiona nimemaliza. Sandali zangu nimezitengeneza mwenyewe, mkanda wa kushoto siku zote unakaa tundu la nne. Nikaanza kuufunga la tatu bila kufikiria. Wiki kama mbili mbele niko la pili, na jioni nikivua nakuta mkanda umechora mfereji juu ya mguu. Mimi ninayeshinda naangalia miguu ya watu ndo nilichelewa kuuona wangu.

Huu ni uvimbe wa limfu, unakuja taratibu, miezi au hata miaka baadaye, na wa mguuni unatokea zaidi kuliko wa mkononi. Dalili yake mguu mzito jioni, asubuhi umepungua, ukibonyeza na dole gumba shimo linabaki. Jaribu pia kufinya ngozi ya juu kwenye shina la kidole cha pili cha mguu, ikikataa kufinyika ndo wenyewe. Pima na tepu ya fundi cherehani, sehemu zilezile, miguu yote miwili, jioni ya Jumapili, andika. Mwaka 2017 ulitoka utafiti mkubwa wa watu ambao melanoma yao ilikuwa imefika kwenye tezi ya kwanza tu, waliotolewa tezi zote kama 24 kwenye kila 100 walivimba, walioachiwa zikawa zinafuatiliwa kwa utrasaundi ni kama 6, na kufa kwa melanoma hakukutofautiana, kwaio siku hizi wengi wa namna hiyo hawatolewi zote. Zangu zilikuwa zinashikika kwa mkono, moja kubwa kama zabibu ya Hombolo, ilibidi.

Mtaani uliponivimba wakasema matende. Matende yanaletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, huu umeletwa na kisu, dawa za matende hazinisaidii. Wakasema nimetupiwa kitu. Akaja mzee wa kuchanja chale atoe maji machafu, huyo ndo wa kumkimbia kabisa, mguu huu kila tundu ni mlango wa vijidudu. Vidonge vya kukojoa navyo siyo jibu lake. Kinachosaidia ni soksi za kubana, na zipimwe na mtaalamu baada ya kidonda kufunga kabisa, usinunue za kubahatisha maana zikibana juu kuliko chini zinaharibu zaidi. Unazivaa asubuhi kabla hujashuka kitandani, ukishazunguka nusu saa umechelewa. Oktoba na Novemba kwa joto la hapa ni mateso, sina namna ya kulipamba hilo. Fua kila siku, anika kivulini, zikilegea badilisha. Tembea, kutembea kunasukuma maji, ila kusimama sehemu moja masaa matano kama nilivyokuwa nafanya kunayashusha. Kitanda changu nimekiwekea tofali upande wa miguuni, mama watoto alilalamika wiki moja akazoea.

Viatu: acha katambuga ngumu, acha kutembea peku hata kwenda chooni. Mkanda wa kunata wa kufungua na kufunga ni bora kuliko wa matundu, unaurekebisha jioni.

HOMA KALI GHAFLA NA MGUU UNAWAKA, HATA MWAKA WA PILI

Mchana uko mzima, jioni unatetemeka kama malaria, unakimbilia kupima malaria, hamna. Angalia mguu. Vijidudu vimeingia kwa mpasuko mdogo, fangasi katikati ya vidole, mwiba, kucha iliyokatwa vibaya, na pasipo tezi vinasambaa kwa masaa. Antibayotiki inatakiwa siku hiyohiyo na dozi iishe, siyo vidonge vinne vya kuonja. Mimi ilinipata mara moja, ikaongeza uvimbe sentimita mbili ambazo hazijarudi zote. Tangu hapo kila usiku naosha miguu, nakausha katikati ya vidole, napaka mafuta, naangalia unyayo kwa kioo.

KINUNDU KIPYA

Kwenye mshono, au popote kati ya kisigino na kinena, kinundu cheusi au hata cha rangi ya ngozi, kigumu, hakiumi, kinakua. Hiki usikihesabie siku, melanoma inaweza kurudi njiani humo. Vilevile tezi mpya kinena cha pili au shingoni, kikohozi kisichoisha, kuumwa kichwa kusiko kwa kawaida yako, kukonda. Piga picha na rula pembeni, nenda kabla ya tarehe ya kliniki.

Mimi nilikipata kimoja mwezi wa tisa baada ya operesheni, juu kabisa ya kovu, kigumu kama punje. Sikulala siku tatu mpaka nikafika. Daktari akawasha taa, akabonyeza, akachukua kibanio akavuta, ikatoka fundo la uzi wa zambarau wa kushonea ambalo lilikataa kuyeyuka, akaliweka kwenye gozi nilione, dogo kama mbegu ya ulezi.